Abimeleki hakujipa ufalme mwenyewe: neno kwa washarika kabla ya uchaguzi wa wazee

Tangu ratiba ya uchaguzi wa wazee wa kanisa isomwe kwenye matangazo ya Jumapili, Idara ya Katiba na Nidhamu ya dayosisi imepokea malalamiko mengi kuliko ilivyozoea. Karibu yote yanamlenga mgombea: anazunguka usiku, amegawa vitenge kwa kwaya, ana uchu wa madaraka. Tunayashughulikia. Ila ni nadra kukuta barua inayosema vitenge hivyo vilipokelewa na nani. Ndiyo maana somo la jumuiya mwezi huu ni Waamuzi 9, na tunaomba isomwe sura nzima, aya zote 57, si ule mfano wa miti peke yake.

Abimeleki, mwana wa Yerubaali (ndiye Gideoni) kwa suria wa Shekemu, alianzia kwa wajomba zake katika mji huo. Aliwatuma wawaulize wakuu wa mji swali moja tu: ni lipi jema, kutawaliwa na watu sabini, wana wote wa Yerubaali, au na mtu mmoja? Kisha wakumbuke kuwa yeye ni mfupa wao na nyama yao. Someni sura ya 8 na ya 9 kwa makini, hamtaona mahali ambapo wale sabini waliomba kutawala. Baba yao alipoombwa atawale aliukataa utawala, yeye na mwanawe, akasema BWANA ndiye atakayewatawala (8:23). Hatari ya watawala sabini ilibuniwa, na hakuna mkuu wa Shekemu aliyeomba ushahidi. Mioyo yao ilimfuata kwa sababu waliyoitaja wenyewe: ni ndugu yetu.

Kila msimu wa uchaguzi tunaambiwa kwamba ukabila ni mambo ya siasa, kanisani haupo. Mafaili yetu hayasemi hivyo. Yanasema "mwenzetu", "wa upande wetu", "zamu hii ni ya watu wa mtaa wetu". Msharika anayezungumza hivyo hajioni ana kosa, kwa kuwa yeye hagombei chochote.

Baada ya undugu ikafuata fedha. Vipande sabini vilitoka katika nyumba ya Baal-berithi, mungu aliyeabudiwa Shekemu. Havikuwa vya Abimeleki. Kuna watu walioshika funguo za hazina ya ibada wakaifungua, naye akavitumia kuajiri wahuni, akaenda nao Ofra nyumbani kwa baba yake, akawaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Aliyepona ni Yothamu, kitinda mimba, kwa sababu alijificha. Ukigawanya, inakuja kama kipande kimoja cha fedha kwa roho moja.

Kwa hiyo kanuni ya fedha wakati wa uchaguzi si urasimu, kama baadhi yenu mnavyoiita. Tangu siku ratiba inaposomwa hadi wazee wapya wanapoingizwa kazini, malipo yoyote kutoka mfuko wa usharika, jumuiya, kwaya au kikundi yanahitaji sahihi tatu: ya mchungaji, ya katibu wa baraza la wazee na ya mtunza hazina. Hati ya malipo iambatane na muhtasari wa kikao kilichoidhinisha. "Nauli ya wajumbe" nayo ni malipo. "Soda ya wanakwaya" nayo ni malipo. Mgombea akibainika kugawa fedha au vitu, jina lake linaondolewa na hagombei kwa kipindi kinachofuata. Mtunza hazina aliyetoa bila sahihi tatu anasimamishwa na kurejesha kiasi chote. Aliyepokea anapoteza haki ya kupiga kura, na baraza linaweza kumweka chini ya nidhamu ya kanisa. Akirudisha alichopewa kabla ya siku ya kura, kwa katibu wa usharika na si kwa mgombea, hachukuliwi hatua. Sadaka ya shukrani haizuiwi, mradi ipite kwenye bahasha na kuandikwa stakabadhi.

Lipo pia jambo ambalo tumelieleza mara nyingi mno. Mgombea akihojiwa, wapambe wake husema "msiwaguse masihi wangu." Maneno hayo ni ya Zaburi 105, nayo inazungumzia watu wachache, wageni, waliotangatanga toka taifa moja hadi jingine, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Walioonywa wasiguse ni wafalme! Isitoshe, Abimeleki hakuitwa na Mungu, hakutumiwa nabii. Alifanywa mfalme penye mwaloni wa nguzo ya Shekemu na watu waliokwisha kumgharamia. Yothamu naye alisimama juu ya mlima Gerizimu akamsema kwa sauti, mbele ya wote.

Katika mfano wake, mzeituni, mtini na mzabibu ilikataa ufalme kwa kuwa kila mmoja ulikuwa na kazi. Uliokubali ni mti wa miiba, nao ukawakaribisha wenzake kwenye kivuli ambacho haukuwa nacho, ukiwatishia moto papo hapo. Wahubiri wengine huulaumu mzeituni. Mfano wenyewe hauulaumu, wala nisingejenga fundisho juu ya hilo, ingawa sisi tunaopokea fomu tunajua ni akina nani huzirudisha tupu.

Ufalme wa Abimeleki ulidumu miaka 3. Akaja Gaali mwana wa Ebedi, na watu wakiwa wanakula na kunywa katika nyumba ya mungu wao, akatumia silaha ile ile ya undugu: Abimeleki ni nani hata tumtumikie? Watumikieni watu wa Hamori, baba wa Shekemu. Waliomchagua mtu kwa ukoo hawakuwa na jibu kwa anayetaja ukoo wa karibu zaidi. Mwisho wake Abimeleki aliubomoa mji na kuutia chumvi, akawachoma moto watu wa ngome ya Shekemu, wanaume na wanawake wapata elfu moja, waliokimbilia nyumba ya El-berithi. Wafasiri wengi wanaona ndiyo nyumba iliyotoa vile vipande sabini.

Kisha, katika mji wa Thebesi, Abimeleki alipigwa kichwani na jiwe la kusagia lililotupwa na mwanamke. Akamwagiza mchukua silaha zake amuue, isije ikasemwa aliuawa na mwanamke. Katika 2 Samweli 11:21, Yoabu, jemadari wa Daudi, analitaja tukio hilo kama jambo lijulikanalo na kila askari, na anachokitaja ni mwanamke na jiwe. Wafuasi wa Abimeleki walipoona amekufa, kila mtu alikwenda kwake.

Aya mbili za mwisho ndizo huachwa kwenye mahubiri. Mungu aliulipiza uovu wa Abimeleki, na uovu wote wa watu wa Shekemu akaurudisha juu ya vichwa vyao. Aya ya 24 ilishasema kosa lao: walimtia nguvu mikono awaue nduguze.

Malalamiko yaletwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu tukio, yakiwa na jina, usharika na sahihi ya mlalamikaji, yakimtaja aliyetoa na aliyepokea. Barua isiyo na jina haifunguliwi faili, hata iwe na picha za WhatsApp. Jina la mlalamikaji halisomwi kanisani. Kama anayelalamikiwa ni mchungaji, barua iende moja kwa moja kwa Mkuu wa Jimbo. Haihitaji kupita mezani kwa mchungaji huyo.