Kwa nini mchanga wa Matisse ni wa pinki

Karibu kila nikiionyesha hii picha kwenye madarasa yetu ya wazi lazima mtu mmoja aulize, mwalimu, huyu jamaa macho yake yalikuwa mazima kweli? Na simlaumu, manake mchanga ni wa pinki, anga linawaka njano na rangi ya chungwa, bahari ina zambarau na kijani ndani yake, hakuna hata kitu kimoja kilichobaki na rangi yake ya kuzaliwa.

Picha ni ya Henri Matisse, Mfaransa, aliichora 1904 na inaitwa Luxe, calme et volupté, yaani kama anasa, utulivu na raha hivi, maneno kayatoa kwenye shairi la Baudelaire. Kinachoendelea mle ndani ni watu wameenda bichi tu. Kitambaa kimetandikwa chini na vikombe vya chai juu yake, mtoto amesimama kajifunga taulo kama katoka majini sasa hivi, boti imevutwa ufukweni tanga limekunjwa, na kuna mama kavaa gauni na kofia, huyo ni Amélie mke wake Matisse. Halafu hapohapo wanawake wengine wako uchi kabisa, mmoja kajilaza, mwingine anashika nywele zake, na yule mama wa kofia wala hashtuki. Mimi hilo hunichekesha kila siku.

Chanzo chake ni kiangazi cha mwaka huo, Matisse ana miaka 34 akaenda kukaa Saint-Tropez, kusini mwa Ufaransa, siku hizo ni kijiji cha wavuvi wala si cha matajiri kama sasa. Mwenyeji wake alikuwa Paul Signac, mchoraji na mpenzi mkubwa wa mashua, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa wachoraji wa nukta, wale wanaoijenga picha kwa vidoa vidogo vya rangi, tangu mwanzilishi wao Georges Seurat afariki 1891 akiwa na miaka 31 tu.

Hawa watu wa nukta walikuwa na sayansi yao. Kuna mkemia anaitwa Chevreul alikuwa msimamizi wa upakaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, watu wakawa wanalalamika rangi nyeusi imefifia, yeye akachunguza akakuta nyeusi haina shida yoyote, shida ni rangi iliyokaa jirani yake. Kitabu chake kilitoka 1839. Hebu jaribu mwenyewe, chukua kizibo chekundu cha soda kiweke kwenye karatasi nyeupe, kikodolee macho nusu dakika bila kupepesa halafu kiondoe, utaona duara la kijanibluu limebaki pale. Jicho lako limelitengeneza lenyewe! Ndo maana nyekundu ikikaa na kijani kila moja inampandisha mwenzake, vivyo hivyo bluu na chungwa, njano na zambarau, na wauza kanga wanalijua hili siku nyingi bila kumsoma Mfaransa yeyote.

Sasa wale wachoraji wa nukta wakasema tusichanganye rangi kwenye ubao wa kuchanganyia, tuweke nukta safi moja moja halafu jicho lichanganye lenyewe kwa mbali. Simu yako inafanya hivyo hivyo, dondoshea kioo tone dogo la maji uangalie, utaona vidoa vyekundu, kijani na bluu. Ila simu inatoa mwanga na mwanga ukijumlishwa unaongezeka, rangi ya mafuta haitoi mwanga, kwa hiyo nukta za njano na bluu ukizitazama kwa mbali mara nyingi zinakupa kijivujivu tu badala ya kile kijani ulichoahidiwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo nadharia ilipokwama.

Na ndo hapo Matisse anaponoga. Mipigo yake ya brashi ni mikubwa, mirefu kidogo kama vipande vya matofali, na katikati ya kipande na kipande turubai jeupe linachungulia. Vipande vikubwa namna hiyo haviwezi kuchanganyika hata ukirudi nyuma mpaka ukutani, vinabaki vinagombana, na ule ugomvi ndo unaoonekana kama joto la jua la jioni. Ukimpima kwa sheria za Signac amefeli. Mimi naona kufeli kwake ndiko kulikoifanya picha iishi, ila sio kila mwenzangu kazini anakubali.

Mwenyewe hakuridhika. 1905 alimwandikia Signac kwamba mistari na rangi humo ndani anaona kama haviendani, kila kimoja kinavutia kwake. Signac yeye alishaipenda, akainunua akaitundika nyumbani kwake. Kijana mwingine, Raoul Dufy, aliiona kwenye maonyesho ya Paris mwaka huohuo na uchoraji wake ukageuka kabisa.

Kiangazi kilichofuata Matisse akaenda Collioure, pwani hiyohiyo ya kusini, nukta akaanza kuziacha, akapaka mabaka mapana. Picha kubwa iliyofuata ya watu wakistarehe, Le bonheur de vivre, yaani furaha ya kuishi, ilimuudhi Signac kweli, mwanzoni mwa 1906 akamwandikia rafiki yake kwamba Matisse kapotea, kawazungushia watu mistari minene kama kidole gumba.