Kunguru wa stage pia anahesabiwa

Kila nikitoa simu nipige kunguru picha pale stage, lazima mtu aniulize kama nimekosa kazi, na si mmoja, so wacha niseme hapa mara moja, mimi hurekodi ndege na wanyama wa mtaani, na kuhusu hiyo kazi kuna maneno mengi ya uongo yanazunguka.

Ya kwanza ati wanyama wako Nairobi National Park. Wako, kilomita mraba 117, tangu 1946, hakuna mtu anabisha. Lakini wale ndege marabu wa migunga ya kando ya Nyayo Stadium, wale wanachafua gari yako ukiwa kwa jam, wako kwa fensi gani? Na mwewe anayenyakua smokie ya mtoto kabla haijafika mdomoni? Kwa park kuna marenja, kwa ploti yenu ni wewe tu na simu yako.

Ya pili, lazima uwe umesomea. Wapi! Mimi nilipiga picha moja ya ndege juu ya waya ya stima mtaani Umoja, imetetemeka hadi aibu, nikaiweka iNaturalist, programu ya simu ya kurekodi viumbe, nikaandika tai. Kesho yake watu wawili siwajui wamenirekebisha, ni mwewe, angalia mkia una panda kama ya manati. Na kweli nikizoom hicho ndicho kitu pekee kinaonekana. Hiyo programu inataka picha, mahali na tarehe, kutambua mtasaidiana, na rekodi haipandi daraja hadi watu wakubaliane.

Sasa hii ndiyo hunikera: ati kunguru ni wengi, wa nini kuwaandika. Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya ulioanza 2013, umekata nchi vipande vya kama kilomita tisa kwa tisa, unachukua kipande chako unazunguka angalau masaa mawili, unaandika kila aina uliyoona, hata ile ya kuchosha. Kwa nini? Ju kunguru akiwa kwa kumi na nane kati ya orodha ishirini za mtaa mmoja, halafu miaka baadaye awe kwa tisa tu, hapo kuna kitu kimefanyika, na hutajua kama watu waliandika tu ndege warembo. Alafu kunguru si kunguru. Wetu ana fulana nyeupe kifuani. Yule aliyejaa Mombasa ana shingo ya kijivu, asili yake ni Bara Hindi, anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na akizoea mji kumtoa ni kazi. Akianza kuzoea Nairobi, unadhani ataonekana kwanza na profesa? Ataonekana na mama wa kibanda.

Kuna wenye wanaogopa ati ukiposti unaonyesha wawindaji njia. iNaturalist inaficha mahali kamili pa spishi zilizo hatarini. Mahali pa bundi mimi huficha mwenyewe, ju huku kwetu bundi akilia watu wanatafuta mawe.

Na mambo ya binokula za bei, achana nayo. Ukitaka kampani, Jumatano asubuhi kuna matembezi ya kutazama ndege ya shirika la Nature Kenya, watu hukutana Museum. Shida ni wengi wetu tunapenda kwenda msitu wa Karura, kuzuri, kuna kima na kivuli. Mtaani Kayole nani anaenda kuandika?

Jana jioni, stage, dakika kumi nikingoja mathree: kunguru saba, wote fulana nyeupe. Nimewaandika.