Darubini za angani hazipelekwi juu ili zisogelee nyota

Wengi hudhani darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990 ili iwe karibu na nyota. Sivyo. Iko takriban kilomita 500 juu yetu. Hata nusu ya barabara ya Mwanza hadi Dar es Salaam haifiki. Nyota ya karibu zaidi baada ya Jua iko kilomita trilioni 40.

Kinachokimbiwa ni hewa. Usiku, ukiwa ufukweni Mwanza, tazama taa za wavuvi wa dagaa: za mbali hucheza, kwani hewa yenye joto tofauti hupindisha mwanga. Nyota nazo hutikiswa vivyo hivyo, picha ikakosa ukali. Mvuke wa maji nao humeza sehemu kubwa ya mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ambao vitu vyenye joto hutoa. Ndiyo maana Webb, darubini ya angani inayotazama mwanga huo, iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya kinga-jua ya tabaka 5, kwenye baridi ya karibu nyuzi −220 za Selsiasi. Ikipata joto, mng'ao wake yenyewe utafunika galaksi hafifu inazozitafuta.