Mchungaji Akiingia Wodini: Wanayodhani Ndugu wa Mgonjwa

Dhana ninayokutana nayo mara nyingi katika wodi za hapa Dodoma ni kwamba mchungaji akionekana kitandani, basi kifo kimekaribia. Nimewaona ndugu waliosafiri kutoka Mpwapwa wakianza kulia kabla sijawasalimu. Ukweli ni kwamba tunawatembelea wagonjwa wote, wakiwamo wanaosubiri ruhusa ya kurudi nyumbani. Hata wenzetu Wakatoliki, ambao sakramenti yao ilizoeleka kuitwa mpako wa mwisho, walielekezwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1963 kwamba haiwahusu wanaokata roho pekee, na kwamba jina linaloifaa zaidi ni Mpako wa Wagonjwa.

Dhana yenye madhara makubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kuamini kwamba kumficha mgonjwa hali yake ndiko kumpenda. Ndugu hunivuta kando na kuniomba, "Mchungaji, mama asijue." Hofu yao ninaielewa, wala siwalaumu. Lakini mama huyo anausikia ugonjwa mwilini mwake, na anawaona watoto wanaonyamaza ghafla kila anapofumbua macho; anabaki kuogopa peke yake, bila nafasi ya kusema mjukuu alelewe na nani, shamba la zabibu lishikwe na nani, au angependa kuzikwa wapi. Kueleza majibu ya vipimo ni kazi ya daktari, nami siiingilii. Ninachowaomba ndugu ni kwamba mgonjwa mwenyewe aulizwe angependa kujua kiasi gani, kwa maana wapo wasiotaka kujua yote, na hao nao waheshimiwe.

Wengine hudhani kwamba taarifa ikishamfikia baba mkubwa, ukoo mzima umeambiwa. Binti aliyeshinda wiki mbili akimnywesha mgonjwa uji ndiye mara nyingi asiyejua lolote. Tena bibi aliyezoea Kigogo huitikia maelezo ya Kiswahili cha kitabibu kwa adabu tu, si kwa kuelewa. Hapo mimi humtafuta mtu mzima wa kumfasiria, kwani si haki mjukuu mdogo abebeshwe habari nzito kama hizo.

Kuhusu dhana kwamba tunawahudumia waumini wetu pekee, jibu ni fupi: familia ya Kiislamu kutoka Kondoa ikimhitaji shehe, mimi ndiye ninayempigia simu, kisha ninaketi nao mpaka afike.