Uwanja wa michezo Mombasa: tuanze na chumvi

Tukizungumzia uwanja wa kisasa, wengi hutaja viti, taa na nyasi. Mhandisi anayejenga Mombasa huanza na hewa. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hupenya polepole ndani ya zege hadi kwenye nondo.

Zege zuri hulinda chuma: ualikali wa saruji (kinyume cha uasidi) hutandaza juu ya nondo utando mwembamba unaozuia kutu. Kloraidi iliyomo kwenye chumvi ikifika hapo, utando hutoboka. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo hutanuka, zege likapasuka na kumeguka. Jukwaa laweza kuonekana zima kwa miaka huku nondo zake zikilika.

Kinga kubwa ni zege linalofunika nondo: karibu na bahari tunataka takribani milimita 50, tena lililoshindiliwa vizuri. Mafundi huweka vipande vidogo vya saruji chini ya nondo ili zisilale kwenye mbao zinazoshikilia zege likiwa bado bichi. Kimoja kikiteleza, nondo husogea karibu na uso wa zege, na kutu huanzia hapo. Mkaguzi apige magoti na futi mkononi kabla zege halijamwagwa. Baada ya hapo amechelewa. Maji nayo yapimwe. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na ukikorogea zege maji hayo, umeiingiza chumvi mwenyewe siku ya kwanza. Mchanga wa ufuoni ni vivyo hivyo.

Paa nalo lina mtihani wake. Kusi ikivuma hupita chini ya paa na kulinyanyua, kwa hiyo boliti zinazolishikilia zipakwe zinki na zikaguliwe kila mwaka.

Kisha kuna milango. Accra, Mei 2001, polisi walifyatua mabomu ya machozi uwanjani, mashabiki wakakimbilia mageti yaliyofungwa, na watu 126 wakafa. Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza unataka watazamaji waweze kuondoka jukwaani ndani ya dakika 8. Hesabu hiyo hupangwa kwa upana wa ngazi na mageti, lakini pwani bawaba na makufuli hushika kutu upesi. Kila geti la dharura lifunguliwe lote kabla ya mechi, mashabiki wangali nje, na lililokwama litengenezwe kwanza au jukwaa lake lisikaliwe.