Karata kali, zamu ya kwanza, mpinzani asiyetulia

Wale ninaowafundisha poka huniuliza hili kuliko jambo lingine lolote: nimeshika karata kali, zamu ya kwanza ni yangu, na anayecheza baada yangu ni mtu wa kupiga dau kila akipata upenyo. Nimshambulie au nimwachie? Wengi hutaka jibu moja la kutembea nalo. Mimi huwaambia waanze kwa kuzitazama karata zilizofunuliwa mezani, kwa sababu hizo ndizo zinazojibu swali.

Ubaya wa kuanza ni huu. Katika Texas Hold'em, poka ya karata mbili za siri mkononi na tano za pamoja mezani, anayemalizia ameshaona ulichofanya kabla hajaamua lake. Ukipisha, yaani ukiacha zamu ipite bila kuweka dau, naye anaweza kupisha akaiona karata inayofuata bure. Ukiweka dau, ni yeye anayeamua kama bei itabaki hapo au itapanda. Kwa hiyo karata zilezile huingiza kidogo ukianza kuliko ukimalizia, hata ukicheza vizuri.

Mtu wa fujo, hata hivyo, ana udhaifu mmoja mkubwa: kupisha humkera. Ukimwonyesha unyonge, anapiga mkwara. Na mkwara ni pesa anayoweka mezani bila karata za kuitetea.

Tuchukue mfano. Madau ya lazima ni kete 100 na 200, na nyote wawili mmeanza na kete 20,000. Wewe ndiye mwenye dau kubwa la lazima. Yeye, aliyekaa nafasi ya mwisho, anapandisha hadi 500. Unafunua pembe za karata zako: ree ya shupaza na ree ya uru. Unapandisha hadi 2,000, anafuata, yaani analipa dau hilohilo, na mezani kuna 4,100 pamoja na zile 100 za mwenye dau dogo aliyetupa karata. Zinafunuliwa karata tatu: mfalme wa pau, saba ya uru, mbili ya kopa.

Meza hiyo ni kavu. Hakuna karata mbili za aina moja za kumfanya mtu angojee tano za aina hiyo, wala namba zinazokaribiana za kungojea mfululizo. Ukipiga dau sasa, mwenye mfalme atakulipa, na huyo angekulipa tu hata baadaye. Wengine wote, wenye ghulamu na kumi, wenye sita na tano, watatupa karata na kwenda zao. Hapa mimi hupisha.

Anapiga 2,000. Ndipo mikono inapowasha watu, wakataka kupandisha hadi 6,000 ili kumwonyesha kazi. Jiulize kwanza, ukipandisha nani atabaki? Mkwara wote unakimbia, unabaki na mwenye mfalme na wale waliokwisha kukushinda. Fuata tu. Mezani zinakuwa 8,100. Karata ya nne ni nne ya pau. Unapisha, anapiga 5,000, unafuata, zinakuwa 18,100. Karata ya tano ni tisa ya uru. Unapisha, naye anasukuma kete zote. Wewe umebakiwa na 11,000.

Hesabu yake ni fupi. Unalipa 11,000 ili ushindanie jumla ya 40,100, yaani asilimia 27. Ukishinda mara 3 tu kati ya 10, tayari una faida. Na si lazima awe anadanganya: mwenye mfalme na malkia naye anaweza kusukuma, na umemshinda. Tazama pia njia za kupata karata. Saba mbili mkononi zinapatikana kwa njia 3 tu, kwa kuwa moja iko mezani. Mfalme na malkia zinapatikana kwa njia 12. Ziko siku atakufunulia hizo saba tatu, na itauma. Lipa hata hivyo, maana ukianza kutupa ree hapa, mtu huyu atakula kete zako usiku kucha bila kushika chochote.

Mfano maarufu wa ukimya wa namna hii ni fainali ya mashindano ya poka ya World Series of Poker ya mwaka 1988, pale kasino ya Binion's Horseshoe, Las Vegas. Johnny Chan alishika ghulamu na tisa za pau. Erik Seidel malkia wa pau na saba ya kopa. Zikafunuliwa malkia, kumi na nane. Chan akawa na mfululizo wa nane hadi malkia, mkubwa kuliko wowote uliowezekana pale. Karata ya nne ikawa mbili: Chan akapisha, Seidel naye akapisha. Ya tano ikawa sita: Chan akapisha tena, Seidel akasukuma kete zote kwa jozi ya malkia. Chan akafuata, akatwaa ubingwa kwa mwaka wa pili mfululizo.

Watu husifu ukimya wa Chan wakasahau meza ilivyokuwa. Zile karata tatu za mwanzo zilikuwa za aina tatu tofauti. Baada ya ile mbili, hapakuwa na karata hata moja ambayo ingemwokoa Seidel. Chan alikuwa na kitu kimoja tu cha kuhofia: kwamba Seidel angepisha mwishoni na dau la mwisho lipotee. Hiyo ndiyo gharama ya kunyamaza, na pale ilistahili kulipwa.

Sasa rudisha ree zako mbili, lakini mezani ziwe ghulamu wa kopa, kumi ya kopa na nane ya pau. Hapa kunyamaza ni ukarimu usio na maana. Mwenye kopa mbili ana kopa 9 za kumfaa. Akiziona karata zote mbili zilizobaki kufunuliwa, hufanikiwa takriban asilimia 35. Hata mtu wa fujo hupisha wakati mwingine akiwa anangojea kitu kizuri, na hapo umempa karata ya bure.

Kwa hiyo piga dau mwenyewe, 3,000 hivi. Anayengojea kopa atalipa 3,000 kushindania 10,100, karibu asilimia 30, ilhali karata inayofuata humpa kopa kwa asilimia 19 tu. Akisukuma zote, unahitaji asilimia 37 ili kufuata. Kwa mchezaji mtulivu mimi hutupa, kwa sababu mara nyingi ana tisa na saba au malkia na tisa, mfululizo umeshakamilika. Kwa huyu wa fujo hufuata, kwani anasukuma hata na kopa mbili tupu. Ree yako moja ingekuwa ya kopa, ningesita kidogo zaidi: ukiishika wewe, kopa kali anazoweza kuwa nazo zimepungua.

Jambo moja mtu hulijua kwa kukaa naye mezani tu. Fujo ni za aina mbili. Yuko anayepiga mara tatu bila kuchoka, na huyo ndiye wa kumfuata kimya kama nilivyoeleza. Yuko pia anayepiga mara moja kisha akapoa. Huyu wa pili utamwona: ukifuata dau lake la kwanza, karata ya nne inafunuliwa, anaitazama, anagonga meza kwa vidole na kupisha. Mkwara wake umeishia hapo. Kwenye karata ya tano usipishe tena ukimngojea. Weka dau la nusu ya zilizoko mezani au zaidi kidogo, maana akiwa na jozi ya saba atajisemea kwamba wewe ndiye unayedanganya, na atalipa.