Tuachaneni na ile bisibisi ya Isandlwana

Makala ya televisheni kuhusu Isandlwana, mapigano ya 1879 huko Afrika Kusini ambapo Wazulu waliwashinda Waingereza, ikishafika dakika ya thelathini hivi, unajua kinachokuja: mkono unaotetemeka, skrubu iliyogoma, askari anayehangaikia bisibisi, na msimulizi anayeshusha sauti kutuambia kwamba risasi zilikuwepo tele ila masanduku hayakufunguka. Hapohapo Wazulu wanajaa kwenye skrini. Jamani, basi!

Tuanze na sanduku lenyewe. Lilikuwa la mbao ngumu, limezungushiwa mikanda miwili ya shaba nyekundu, na ndani kuna bitana ya bati na risasi 600 katika vifurushi vya kumi kumi. Mikanda ile kweli ilikazwa kwa skrubu kadhaa, na hapo ndipo watengeneza filamu wanapopotea, kwa sababu kazi ya mikanda ni kushikilia sanduku lisisambaratike na huhitaji kuigusa. Unachofungua ni kifuniko kidogo cha katikati, kinachoteleza kwenye mfereji wake na kushikiliwa na skrubu moja tu. Ukikosa bisibisi, unapiga ukingo wa kifuniko kwa kitako cha bunduki au jiwe. Skrubu inapinda, kifuniko kinatoka. Sekunde chache. Nani atatafuta bisibisi huku adui yuko mita mia tatu?

Hadithi hii inategemea sana kumbukumbu za Horace Smith-Dorrien, ofisa kijana wa Uingereza aliyenusurika siku ile, 22 Januari 1879. Anasimulia jinsi mtunza stoo alivyomkatalia risasi za batalioni nyingine. Kumbukumbu hizo zilitoka mwaka 1925, miaka 46 baadaye, akiwa jenerali mstaafu. Barua aliyomwandikia baba yake muda mfupi baada ya mapigano inasema alikuwa mbele, akiwagawia risasi askari wa Kikosi cha 24, askari wa miguu wa Uingereza. Yaani shahidi mkuu wa uhaba ndiye aliyekuwa akipeleka mzigo! Na mtunza stoo yule hakuwa mpumbavu: risasi hizo, za batalioni ya pili ya Kikosi cha 24, zilitakiwa kukaa tayari kupelekwa kwa kamanda wa Waingereza, Lord Chelmsford, aliyeondoka alfajiri na karibu nusu ya jeshi.

Kuna walioishiwa risasi kweli, nao ni wapanda farasi wa Kanali Durnford wa Uingereza, wengi wao Waafrika wa Natal, koloni la Waingereza, waliokuwa upande wa kulia kabisa wa mstari. Walichelewa kufika kambini, magari yao ya mizigo hawakujua yalikosimama, na walipotuma watu kuomba wakarudi bila kitu cha maana. Kulaumu skrubu hapo ni uvivu. Walipoachia korongo walilokuwa wakilishikilia, ubavu wa kulia ukabaki wazi.

Sasa kinachoniudhi zaidi. Mwongozaji ana waigizaji thelathini waliovaa koti jekundu. Ili waonekane jeshi, anawabananisha bega kwa bega, kamera chini, moshi kidogo. Picha nzuri, mapigano tofauti kabisa. Kampuni sita za Kikosi cha 24 zilikuwa na watu wasiozidi 600 hivi, nao wametandazwa kwenye mstari wa zaidi ya kilomita moja, hatua kadhaa kati ya mtu na mtu. Bunduki ya Martini-Henry inafyatua risasi moja moja: shusha wenzo, ingiza risasi, pandisha, piga. Baada ya muda mtutu unachoma mkono, baruti nyeusi inaganda ndani, na ganda la shaba nyembamba linachanika likikwama kwenye chemba. Moshi nao unaning'inia mbele ya macho. Mstari mwembamba namna hiyo unaweza kuwazuia watu waliolala kwenye majani. Ukianza kurudi nyuma na wao wakasimama, hauna uzito wa kupokea kishindo, hata kila askari awe na sanduku zima miguuni.

Na waliosimama hawakuwa "wimbi". Neno hilo ningelipiga marufuku studioni. Ntshingwayo kaMahole, kamanda wa Wazulu, alikuwa na watu wapatao 20,000 waliojificha kwenye bonde la Ngwebeni, na hawakukusudia kupigana siku hiyo. Wapelelezi wa Waingereza waliwagundua, vikosi vya Wazulu vikatoka kabla ya amri kamili. Hata hivyo walijipanga kwa umbo lao la nyati, pembe mbili za kuzingira na kifua katikati: pembe ya kulia ilizunguka nyuma ya mlima na kufunga njia ya kwenda Rorke's Drift, kituo cha Waingereza kwenye kivuko cha mto, ya kushoto ikambana Durnford, kifua kikavumilia risasi katikati. Wapiganaji walitazama wapiga mizinga: wakiwaona wanaruka pembeni, wanajua mzinga unalipuka sasa hivi, wanalala, halafu wanainuka. Kifua kiliposita, induna (mkuu wa Kizulu) Mkhosana kaMvundlana alishuka kukihimiza, akauawa, kikasonga. Hiyo ni amri na nidhamu, ila kuionyesha kunahitaji ramani nzuri na dakika tano za subira. Bisibisi inahitaji sekunde ishirini.

Mshale wa ramani pia usiuamini kupita kiasi. Sisi tunaochunguza vita hivi wenyewe bado tunabishana kampuni zilisimama wapi hasa, maana uwanja uliokotwa maganda na watalii kwa zaidi ya karne, na ushahidi mwingi wa Wazulu ulipitia kwa wakalimani waliokuwa na maswali yao wenyewe. Inawezekana pia risasi zilifika polepole kwa waliokuwa mbali na magari. Hilo nalikubali, umbali ni jambo la kweli. Lakini kuchelewa si kukatika, na hakuna skrubu hapo.

Lile giza la kupatwa kwa jua wanaloongeza kwenye kompyuta, punguzeni. Jua lilipatwa sehemu tu, na lilipofikia kilele chake alasiri, mstari ulikuwa umeshavunjika.